Tundu la Juu

Ingia kwenye nyumba za kupanga hapa Kijenge, Arusha, ukianzia Kijenge Juu mpaka kule Mwanama, uangalie soketi iliyo karibu na kitanda. Mara nyingi utakuta tundu la juu limechomekwa kifuniko cha kalamu, njiti ya kiberiti au kijiti cha kuchokonolea meno. Sababu yake kila mtu anaijua. Chaja ya simu ina miguu miwili, soketi ina matundu matatu, na yale mawili ya chini hayapokei kitu mpaka lile la juu lisukumwe. Hata watoto wa darasa la pili wanaijua mbinu hiyo. Mimi ni fundi umeme, kazi zangu nyingi ziko mtaa huu na mitaa ya jirani, Kimandolu, Moshono na Njiro, na nikikiona kile kifuniko cha kalamu huwa siwezi kunyamaza. Tundu lile ndilo linalobeba usalama wa nyumba nzima, na wenye nyumba wengi hawajawahi kuuliza limeunganishwa na nini huko nyuma ya ukuta.

Soketi tunazotumia Tanzania, zenye matundu matatu ya pembe nne, ni za kiwango cha Uingereza kiitwacho BS 1363, kilichotolewa mwaka 1947. Wakati Vita Kuu ya Pili ikiendelea, Waingereza waliunda kamati ya kupanga umeme wa nyumba ambazo zingejengwa vita vikiisha. Katika kamati hiyo alikuwemo mwanamke mmoja tu, Caroline Haslett, mhandisi wa umeme aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwafundisha akina mama matumizi ya umeme majumbani. Yeye alisimamia hoja ya usalama, hasa usalama wa watoto, na soketi iliyotokana na kazi ile ikawekewa vizibo nyuma ya matundu mawili ya chini. Mguu wa juu wa plagi umefanywa mrefu kuliko mingine kwa makusudi. Unaingia kwanza, unavisukuma vile vizibo pembeni, na papo hapo unakiunganisha chombo na ardhi kabla umeme haujakifikia. Ukichomoa, mguu huo ndio wa mwisho kuachia. Habari hii nawasimulia wasichana wanaokuja kwangu kujifunza kazi kwa vitendo kutoka Chuo cha Ufundi Arusha, nilikosoma mimi pia, na naona wanavyoishika soketi kwa heshima nyingine wakishaisikia.

Basi mtu akichomeka kalamu kwenye tundu la juu na kuiacha humo, vizibo vimebaki wazi usiku na mchana. Msumari, kijiko chembamba au kipande cha waya mkononi mwa mtoto anayetambaa kinaingia moja kwa moja penye umeme wa volti 230. Tiba yake ni rahisi. Nunua chaja yenye miguu mitatu, hata kama ule wa juu ni wa plastiki, kwa sababu kazi ya kufungua vizibo utaifanya na ukichomoa vitajifunga. Chombo kikubwa zaidi kilichokuja na plagi ya miguu miwili mpelekee fundi akikague kwanza kama kimetengenezwa kutumika bila ethi, ndipo akibadilishie plagi iwe ya miguu mitatu yenye fyuzi ndani.

Sasa twende nyuma ya soketi, maana huko ndiko ninakoitwa.

Soketi ina nyaya tatu: wa moto, wa nyutro na wa ethi. Katika nyumba za zamani za Kijenge waya wa moto ni mwekundu na nyutro ni mweusi. Katika nyumba mpya wa moto ni wa kahawia na nyutro ni wa bluu, kwa kuwa Uingereza ilibadili rangi zake kuanzia mwaka 2004 na bidhaa zikafuata. Ethi ni kijani yenye mistari ya njano pande zote mbili. Shida huja pale mtu anapoongeza vyumba vya uani kwenye nyumba ya zamani. Rangi za aina mbili zinakutana ndani ya boksi moja, na kijana aliyezoea bluu na kahawia anabahatisha mweusi ni upi. Mimi sibahatishi rangi. Napima, hata kama nyaya nilizivuta mwenyewe, kwa sababu siku ya kuzivuta na siku ya kuzifunga kunapita mafundi wa plasta, wa dari na wa rangi, na yeyote kati yao anaweza kuwa ameukata waya na kuuunga upya kimyakimya.

Ukiitazama soketi kwa mbele, ethi iko juu, moto kulia, nyutro kushoto. Ukiigeuza uifunge, kulia kunakuwa kushoto, na hapo ndipo wanafunzi wengi wanapojichanganya. Herufi L, N na E zimechorwa kwenye plastiki karibu na skrubu, na kuzisoma ni kazi ya nukta moja. Akizikosa, soketi itafanya kazi vilevile. Taa itawaka, redio italia, mwenye nyumba atalipa na kushukuru. Lakini ile swichi ndogo ya pembeni ya soketi kwa kawaida hukata waya wa moto peke yake. Nyaya zikiwa zimepishana, inakata nyutro, na pasi uliyoizima bado ina umeme ndani yake ukiishika kuisafisha.

Waya wa soketi ni wa milimita mbili na nusu za mraba. Ule wa kawaida madukani una nyuzi saba za shaba, kila uzi una unene wa milimita 0.67. Namenya ganda kwa urefu wa sentimita moja hivi, nikiangalia kisu kisikwaruze shaba, maana penye mkwaruzo ndipo waya utakapokatikia ukikunjwa. Nyuzi zote saba nazisokota pamoja, nazikunja kurudi nyuma ili skrubu ipate kitu kinene cha kubana, naziingiza, nakaza, kisha nauvuta waya kwa nguvu ya mkono. Ukichomoka, nashukuru umechomoka mbele yangu. Halafu nalaza nyaya ndani ya boksi kwa mpangilio ili soketi isizisagie ukutani, na kama boksi ni la chuma nalifunga nalo kwenye ethi. Hatua ambayo mafundi wa haraka huiharibu ni ile ya nyuzi saba. Tundu la skrubu likiwa dogo, au nyaya za soketi mbili zikikutana humo, mtu anakata nyuzi tatu ili zilizobaki ziingie. Waya uliolipiwa kuwa wa mbili na nusu umekuwa mwembamba pale pale panapohitaji unene, na soketi inaanza kubadilika rangi pembeni ya tundu la kulia. Ukiona ukahawia huo kwenye soketi yako, au plagi inachomolewa ikiwa ya moto, zima breka yake na usiitumie tena mpaka ifunguliwe. Wengine hawakati nyuzi, ila wanaacha uzi mmoja nje ya skrubu, umechomoza kama unywele. Uzi wa namna hiyo ndio uliokuwa nusura umuue mama mmoja wa Kijenge Juu.

Mama huyo ni mwalimu mstaafu, nyumba yake iko upande wa mteremko, amepanda migomba nyuma na ana varanda inayotazama Meru. Aliniita kwa mambo mawili ambayo yeye aliyaona hayahusiani. La kwanza, LUKU ilikuwa inaisha kwa kasi ambayo hajawahi kuiona. La pili, friji lake lilikuwa linampiga shoti akigusa mpini. Alikwisha kumwita fundi wa mafriji, ambaye aliliangalia na kusema ni zima. Alikuwa sahihi, lilikuwa zima kabisa. Niliweka mita kati ya mwili wa friji na sakafu yenye maji, ikasoma zaidi ya volti 200. Nikaenda kwenye kabati la vyombo, lenye oveni ndogo ya umeme ambayo haikuwa imewashwa. Volti zilezile. Mashine ya kufulia, vilevile. Kila chombo cha chuma mle ndani kilichochomekwa kwa plagi ya miguu mitatu kilikuwa kimebeba umeme, na mama alikuwa hai kwa sababu huwa anatembea na ndala ndani.

Chanzo nilikikuta varandani. Siku chache kabla, mtu alikuwa amemfungia soketi mpya ya kuchajia simu za wageni. Ndani ya boksi la chuma, uzi mmoja kati ya zile saba za waya wa moto ulikuwa umebaki nje na kugusa ukingo wa boksi. Boksi lilifungwa ethi vizuri. Umeme ukatoka kwenye boksi, ukaingia kwenye waya wa ethi, ukasambaa katika ethi yote ya nyumba, mpaka kwenye mguu wa juu wa plagi ya friji.

Hapa msomaji ana haki ya kushangaa. Si ethi ndiyo inayotulinda? Si breka ilipaswa kuruka? Jibu liko ardhini.

Nyumba zetu nyingi huletewa na TANESCO nyaya mbili kutoka nguzoni, moto na nyutro. Ethi tunaitengeneza wenyewe, kwa kushindilia ethi rodi uani na kuifunga kwa waya hadi kwenye bodi ya breka. Umeme ukivuja, njia yake ya kurudi kwenye transfoma ni kupitia udongo. Udongo wetu umetokana na volkano ya Meru, mlima ambao ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Sehemu nyingine ni udongo mwekundu mzito unaoshika maji, sehemu nyingine ukichimba kidogo unakutana na moramu au mwamba mweusi. Moramu inapitisha maji upesi na kukauka upesi, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Rodi ya mama yule ilikuwa ya futi nne, imepigwa kwenye moramu karibu na ukuta, chini ya bati ambapo mvua haifiki. Nilipoipima ilikuwa na ukinzani wa omu 60.

Gawa volti 230 kwa 60, unapata ampea 3.8. Huo ndio umeme uliokuwa unakimbilia ardhini. Breka ya soketi zake ilikuwa ya ampea 32, na breka ya namna hiyo ili iruke mara moja inahitaji zaidi ya ampea 100. Kwake yeye ampea 3.8 ni matumizi ya kawaida, sawa na pasi ndogo iliyowashwa. Haikuwa na sababu ya kuruka, wala isingeruka mwezi mzima. Wakati huohuo, volti 230 zikizidishwa kwa 3.8 ni kama wati 870, na kwa saa 24 zinakula uniti 21 za LUKU. Mama alikuwa anaununulia udongo umeme.

Ndiyo maana nasema, na nitaendelea kusema kwa kila anayejenga hapa: kwenye ardhi yetu, breka peke yake haikulindi dhidi ya umeme unaovuja. Breka imewekwa kulinda waya usiungue. Kinachomlinda mtu ni kifaa kingine kinachokaa kwenye bodi ileile, kimeandikwa RCD au RCCB, na kina kibonyezo kidogo chenye herufi T. Kazi yake ni kuhesabu. Kila umeme unaotoka kwa waya wa moto unatakiwa kurudi kwa waya wa nyutro, na RCD inavilinganisha viwili hivyo, kama muuza duka anavyolinganisha soda zilizotoka na chupa tupu zilizorudi. Chupa zikipungua, kuna mahali zimekwenda. Tofauti ikifikia miliampea 30, yaani sehemu 3 katika 100 za ampea moja, inakata umeme kabla ya theluthi ya sekunde kupita. Kipimo hicho hakikuokotwa hewani. Kwa miliampea kama 10 tu misuli ya mkono hukaza na mtu anashindwa kuachia alichoshika, na umeme ukizidi hapo na kupita kifuani kwa muda, moyo unapoteza mapigo yake. Kwa nyumba ya mama yule, RCD ingeukata ule uvujaji wa ampea 3.8 dakika ileile soketi ya varandani ilipowashwa. Hata rodi yake ingekuwa mbaya mara kumi zaidi, bado ingekata.

Ukienda dukani uangalie maandishi. Tafuta 30 mA au 0.03 A. Zipo za miliampea 100 na 300, ambazo zinatengenezwa kwa kazi nyingine na hazitoshi kumlinda mtu. Na ujue mpaka wake pia: mtu akishika moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, umeme wote unarudi kupitia mwili wake, hesabu inakuwa sawa, na RCD haitaona kasoro.

Kwa mama niliurudisha ule uzi pamoja na wenzake na kuifunga soketi upya, nikaweka RCD, kisha nikahamia kwenye rodi. Tulipiga rodi mbili mpya nyuma, kwenye migomba ambako maji ya jikoni humwagwa na udongo haukosi unyevu hata Januari, tukaziunganisha pamoja. Mafundi wengi huchimba shimo na kulijaza mkaa na chumvi. Mkaa hauna ubaya. Chumvi inapunguza ukinzani kwa msimu mmoja, halafu masika inaisafirisha, na huku nyuma inaila shaba ya rodi taratibu. Miaka michache baadaye mwenye nyumba ana waya unaoingia ardhini na kukutana na kutu. Bora rodi ndefu zaidi, au mbili zilizoachana, mahali penye unyevu, na kiungio chake kiachwe ndani ya kisanduku kinachofunguka ili fundi anayekuja baadaye aweze kukaza na kupima.

Kuna udanganyifu mmoja ambao unanikera kuliko mwingine wote. Fundi anafika, anakuta nyumba haina waya wa ethi kwenye soketi, na mwenye nyumba hataki kuvunja ukuta. Basi ndani ya soketi anaunganisha skrubu ya E na skrubu ya N kwa kipande kifupi cha waya. Kile kipima soketi cha taa tatu kitawasha taa za "sawa", na kila mtu ataridhika. Siku nyutro ikilegea popote, kwenye bodi, kwenye mita au juu nguzoni, umeme wa moto utapita kwenye chombo kilichowashwa, utafika kwenye nyutro iliyokatika, utavuka kile kipande cha waya na kuingia kwenye mwili wa jiko, friji na mashine ya kufulia. Kuchungulia ni rahisi. Meni swichi ikiwa imezimwa na imepimwa, fungua soketi. Ukikuta waya mfupi unaotoka E kwenda N, soketi hiyo ni mtego, na aliyeifunga asirudi nyumbani kwako.

Sasa mzigo. Hapa kwetu Juni na Julai ni miezi ya baridi ya kweli, na nyumba nyingi zina shawa ya umeme inayopasha maji papo kwa papo. Shawa ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 24. Soketi yote kwa ujumla wake imetengenezwa kwa ampea 13. Shawa haipiti kwenye soketi kamwe. Inatoka kwenye bodi kwa waya wake yenyewe wa milimita nne au sita, kwa breka yake yenyewe, na ule waya wa kijani unaotoka kichwani mwake lazima uungwe. Nimefungua shawa nyingi na kuukuta waya huo umekunjwa na kufichwa, huku mtu anaoga chini yake.

Hesabu ya vyombo vingine unaweza kuifanya mwenyewe jikoni. Soma wati zilizoandikwa chini ya chombo, gawa kwa 230. Jagi la umeme la wati 2,000 ni ampea 8.7. Pasi ya wati 1,200 ni zaidi kidogo ya 5. Jiko la umeme la sahani moja la wati 2,000 ni 8.7 tena. Friji halifiki hata 1 likiwa limetulia. Ukichomeka jagi na pasi kwenye ekstensheni moja, umefika karibu 14, na ekstensheni nyingi za bei rahisi zina waya wa milimita 0.75 ambao kazi yake ni kama ampea 6. Waya huo ukiachwa umejiviringisha chini ya zulia, joto halina pa kutokea. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, na mimi nauunga mkono kwa moyo wote, nikikumbuka mapafu ya mama zetu. Ila jiko la umeme linapoingia kwenye nyumba iliyowekewa soketi moja ya jikoni, lazima mtu akague ile soketi kwanza. Jikoni mimi sishuki chini ya soketi pacha tatu, juu ya meza ya kupikia na mbali na sinki, kwa breka isiyochangia na vyumba. Ukipunguza soketi, ekstensheni itaingia tu.

Saketi ya soketi yenyewe inaweza kufungwa kwa njia mbili. Ya kwanza inatoka kwenye bodi na kuishia kwenye soketi ya mwisho, na kwa waya wa mbili na nusu inalindwa na breka ya ampea 20. Ya pili ni ringi, waya unazunguka soketi zote na kurudi kwenye bodi, hivyo kila soketi inalishwa kutoka pande mbili na breka inaruhusiwa kuwa ya 32. Kosa linalotokea sana ni kuweka breka ya 32 kwenye saketi isiyorudi, au ringi kukatika kimya pale fundi wa dari alipopiga msumari. Kila kitu kinaendelea kuwaka na waya unapikika ndani ya paipu. Ukiwa mwenye nyumba, mwombe fundi akuonyeshe kwenye bodi ncha mbili za waya mwekundu au wa kahawia zinazoingia kwenye breka ya 32. Akikuonyesha moja, muulize inakuwaje.

Waya nao ukaguliwe kabla ya kuingia ukutani, maana ukishapigwa plasta umeshakuwa wa kudumu. Tazama alama ya TBS, na ununue rola ya kiwanda kinachojulikana. Wapo watengenezaji wa hapahapa nchini, kama Africab na Kilimanjaro Cables. Kwangua ncha kwa kisu. Shaba ni nyekundu mpaka ndani, na ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa. Hesabu nyuzi.

Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inataka kazi hii ifanywe na mtu mwenye leseni, na EWURA ndiyo inayozitoa, kwa madaraja kulingana na ukubwa wa kazi. Wajibu wa TANESCO unaishia kwenye mita. Kuanzia pale, umeme uliosafiri kutoka mabwawa ya mbali, labda kutoka Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lenye megawati 2,115, na kupozwa kituo cha Njiro, unakuwa mikononi mwa yule uliyemchagua wewe. Kinachoniumiza ni zile nyumba ambazo wayaringi imefanywa na mtu mmoja na fomu ikagongwa muhuri na mwingine ambaye hajawahi kufika. Mgongaji wa muhuri aje uani kwako na vipimo vyake: mega ya kuangalia kama nyaya zimechubuka ndani ya paipu, na kipimo cha ukinzani wa rodi. Mwambie akuandikie namba alizozipata. Fundi anayejua kazi hachukii kuulizwa. Mimi nafurahi.

Kabla hujafungua soketi yoyote, hata kama ni kubadilisha kava tu, zima meni swichi, uwaambie watu wote nyumbani, kisha pima. Umeme ukiwa umekatika usijidanganye kwamba ni wakati mzuri wa kufanya kazi. Utarudi bila kubisha hodi. Na tangu mgao wa mwishoni mwa 2023 nimekuta tabia ya kuingiza umeme wa jenereta ndani ya nyumba kupitia soketi, kwa waya wenye plagi ya kiume pande zote mbili. Ukichomeka upande mmoja, miguu ya upande wa pili iko uchi na ina moto. Ukisahau kuzima meni, umeme huo unapanda hadi nguzoni, na kijana wa TANESCO aliye juu akitengeneza laini anapigwa na jenereta yako. Jenereta inahitaji swichi ya kubadilishia. Hakuna njia ya mkato.

Mtu akinaswa, usimshike. Kimbilia meni swichi kwanza. Kama iko mbali, msukume kwa mpini wa ufagio mkavu wa mti, wewe ukiwa umesimama pakavu. Akiwa hapumui, mtu mmoja apige simu na mwingine aanze kumkandamiza kifua mara hiyohiyo.

Najua wasomaji wengi mmepanga, na bodi si yenu. Karibu na mzunguko wa Impala kuna nyumba ya vyumba vingi ambayo wapangaji walikwenda kwa mzee mwenye nyumba kwa pamoja, wakamwomba waweke RCD wenyewe kwa kuchangishana, naye akawakatia kwenye kodi ya mwezi uliofuata. Mzee hakubisha, hakuwa amewahi kuambiwa tu. Sasa wana zamu ya kubonyeza ile herufi T kila mwanzo wa mwezi. Ikibonyezwa, umeme wote wa soketi unatakiwa ukatike palepale. Usipokatika, basi kifaa kimekufa, na pasi, jagi na mashine ya kufulia zichomolewe mpaka fundi mwenye leseni akibadilishe.